Bolti Inayozunguka Bila Kukaza

Yafaa nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Pikipiki ninayoipanda kwenda ofisi ya kilimo, na ambayo alfajiri hubeba mitungi miwili ya maziwa kutoka kwetu mpaka kwenye tangi la kupozea, niliiharibu kwa mikono yangu miwili. Ilikuwa Jumapili jioni. Nilikuwa nimemwaga oili ya zamani, nami nikairudisha ile bolti iliyo chini ya tumbo la injini, yaani bolti ya kumwagia oili. Nikaona tone moja linaning'inia. Nikakaza. Nikapangusa, tone likarudi. Basi nikatafuta kipande cha bomba la maji, nikakichomeka kwenye mkia wa spana ili nipate nguvu, nikakaza mara ya tatu. Ghafula spana ikawa nyepesi. Bolti ikazunguka, ikazunguka tena, haikazi wala haitoki. Mtu aliyewahi kuusikia wepesi ule mkononi hausahau, maana hujua papo hapo kwamba ameharibu kitu.

Hesi za tundu zilikuwa zimeliwa. Hesi ni ile mistari inayozunguka bolti kama njia ya kupanda mlima kwa kuuzunguka, na ndani ya tundu mna mistari mingine kama hiyo inayoipokea. Mafundi wengi wa barabarani huziita thredi. Hesi za ndani zikikatika, bolti haina kitu cha kushika.

Twaandika habari hii katika gazeti la wakulima kwa sababu siku hizi pikipiki ni chombo cha shamba. Hapa kwetu Nyandarua hubeba maziwa, viazi, mbolea, hata daktari wa mifugo. Tena tumbo la injini yake ni alumini, na alumini hiyo hiyo ndiyo iliyotumika katika injini ya pampu ya maji na ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Ukijua kulitengeneza tundu la pikipiki, umejua kuyatengeneza ya mashine hizo pia.

Msidhani hili ni jambo dogo. Injini ya pikipiki ya namna tuliyoizoea, ya sentimeta za ujazo 100 mpaka 150, hubeba oili kama lita moja tu, au zaidi kidogo. Kijana mmoja wa kijijini kwetu aliliwa hesi za tundu la oili kama mimi, naye akaifunga bolti kwa ukanda wa mpira wa tyubu, akaenda na safari zake. Ilikaa siku nne. Siku ya tano, katika mteremko wa murram, bolti ikaanguka. Oili yote ikamwagika, na kumbukeni kwamba gurudumu la nyuma lafuata nyuma ya tundu hilo. Tairi likapakwa oili, pikipiki ikateleza, kijana akaanguka na mitungi mitatu. Alipona kwa michubuko. Lakini alipoiinua pikipiki akaiwasha aende nyumbani, hakujua kwamba ndani mmekauka. Haikufika kilomita mbili, vyuma vikashikana na injini ikasimama kabisa. Mkopo wa pikipiki ile alikuwa hajaulipa hata nusu.

Sasa tuangalie kwa nini hesi huliwa. Bolti ni ya chuma cha pua, tundu ni la alumini iliyo laini, na wawili wakigombana ni yule laini anayeumia. Tena si hesi zote zinazobeba mzigo sawa. Zile chache zilizo karibu na kichwa cha bolti ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Zikikatika hizo, mzigo waangukia zinazofuata, nazo zakatika, mpaka zote zimekwisha kwa nusu mzunguko wa spana.

Na nguvu ya mkono hudanganya. Chukua spana ya urefu wa sentimeta 15. Ukiivuta kwa nguvu ile ile ya kuinua mzigo wa kilo 20, umefika kipimo cha bolti ya oili ya pikipiki nyingi ndogo, basi inatosha. Ukichomeka bomba mpaka urefu uwe sentimeta 60 na kuvuta vile vile, umeizidisha nguvu mara nne, na mkono wako haukuona tofauti yoyote. Hilo nililifundisha watoto darasani kwa kutumia ubao na jiwe, katika somo la nyenzo, kisha mwenyewe nikalisahau Jumapili ile.

Tone lile lililonifanya nikaze halikutokana na ulegevu. Lilitokana na washa kuukuu, ile pete ya shaba au alumini iliyo chini ya kichwa cha bolti. Pete hiyo huwekwa ili ibonyee na kuziba. Ikishabonyea mara kadhaa huwa ngumu, haizibi tena, hata ukikaza mpaka jua lichwe. Bei yake ni ndogo mno. Nilitaka kuokoa fedha za pete, nikapoteza tundu.

Sababu nyingine, na hii yaharibu matundu mengi vijijini, ni bolti isiyo ya mahali pake. Pikipiki zetu zimeundwa kwa milimita. Katika maduka ya misumari na vyuma, bolti za inchi zingali zauzwa, na zafanana na za milimita kama mapacha. Bolti ya inchi tano kwa kumi na sita ina unene wa karibu milimita 7.9, nayo bolti ya milimita 8 ni 8 kamili. Waweza kuona hakuna tofauti. Lakini hesi za ile ya milimita zimeachana kwa milimita 1.25, na za ile ya inchi kwa milimita 1.41. Itaingia mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, kisha itakuwa nzito. Hapo mwenye haraka hushika spana, na bolti huanza kukata njia mpya ndani ya alumini. Hata bolti za milimita hazifanani zote. Ile ya milimita 10 ya dukani mara nyingi ina hesi za 1.5, na katika pikipiki nyingi zilizofuata mtindo wa Japani ni 1.25. Njia ya kuzitambua ni rahisi wala haitaki chombo. Shika bolti ya zamani na ile mpya, zilaze ubavu kwa ubavu, hesi juu ya hesi, kisha uzielekeze kwenye mwanga. Zikiingiana kama meno ya juu na ya chini, na mwanga haupiti, ni ndugu. Mwanga ukipita, rudisha dukani.

Mimi nilipoona bolti yazunguka bure, niliipakia pikipiki kwenye pikapu ya jirani, nikaenda kwa fundi mmoja mzee wa Ol Kalou, ambaye amezitengeneza pikipiki za mabwana shamba tangu wakati ambapo mimi sijaanza shule. Akalala chini, akachomeka bisibisi chini ya kichwa cha bolti, akaikaba kwa kuivuta chini huku akiizungusha taratibu, ikatoka. Katikati ya hesi zake mlikuwa na waya wa alumini unaong'aa, umejisokota kama springi.

"Mwalimu," akaniambia, kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kuajiriwa ofisini na jina hilo halijanitoka, "hizi ni hesi za tundu lako. Zimekuja zote kukuaga."

"Mzee, sasa itanibidi kununua tumbo jingine la injini?"

"La. Injini nzima. Lililokufa ni tundu."

Kisha akanieleza mambo ambayo nimeyaandika hapa kama nilivyoyaona akiyafanya, na mengine nimeyasoma baadaye.

Kwanza, tazama ni tundu gani. Bolti za kufunika ubavu wa injini ni za milimita 6, na mara nyingi hesi zilizoliwa ni zile za mwanzoni tu. Huko ndani zingaliko nzima kwa sababu bolti ya kiwandani haikuzifikia. Chukua kijiti chembamba, pima kina cha tundu na unene wa kifuniko, kisha nunua bolti iliyo ndefu zaidi kwa milimita 5 au zaidi kama kijiti kilivyokuonyesha. Lakini isiguse mwisho wa tundu. Bolti ikigonga sakafu ya tundu nawe ukaendelea kukaza, yaweza kulipasua tumbo la injini, na huo ni msiba mkubwa kuliko ule wa kwanza. Acha nafasi ya milimita 2. Matundu mengi ya kifuniko huponywa kwa dawa hiyo tu, bila kukata chuma chochote.

Tundu la oili halina kina cha namna hiyo. Hapo pana njia mbili. Ya kwanza ni kulipanua tundu na kulikatia hesi mpya za bolti nene zaidi: kama ilikuwa ya milimita 12, iwe ya 14. Yafaa ikiwa nyama ya alumini iliyozunguka tundu ni ya kutosha. Ikiwa ni nyembamba, utaliacha tundu lenye mdomo dhaifu. Tena fundi wa baadaye ataleta bolti ya kawaida na kushangaa kwa nini yaanguka ndani. Fundi wetu haipendi njia hiyo. Asema ni kama kumvalisha mtoto kiatu cha baba yake ili kidonda kisiguswe.

Njia ya pili ndiyo aliyoitumia. Kuna waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa kama springi fupi, ambao upande wake wa nje ni hesi na upande wa ndani ni hesi vilevile. Jina la kampuni lililo maarufu kwa waya huo ni Heli-Coil, na mafundi wengi huita hivyo hata ukiwa wa kampuni nyingine. Tundu bovu hupanuliwa kidogo, hukatwa hesi kubwa kidogo, waya huingizwa, nayo bolti ile ile ya zamani hurudi mahali pake. Sasa bolti ya chuma yashika chuma, na mzigo wake waenea juu ya alumini nyingi zaidi kuliko kwanza. Kwa hiyo tundu lililotengenezwa hivyo huwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Ndege za angani zina waya kama hizo tangu kiwandani kwao, basi hakuna haja ya kuona haya kuutia katika pikipiki ya maziwa.

Vifaa huuzwa kwa seti: keekee ya kupanua, tapu ya kukatia hesi, kifimbo cha kuingizia, na waya zenyewe. Tapu ni kama bolti ngumu yenye meno makali na mifereji ubavuni. Sharti iwe ile ya seti yenyewe, kwa kuwa tapu ya kawaida ya ukubwa huo haitalingana na waya. Kwa bolti ya milimita 6, keekee ya kupanulia ni ya karibu milimita 6.3, kwa ukubwa mwingine soma karatasi iliyomo ndani ya seti.

Kazi yenyewe yataka subira kuliko nguvu. Fundi alimwaga oili yote, akasafisha mahali pale kwa mafuta ya taa na kitambaa, mbali na moto. Akaijaza mifereji ya keekee kwa grisi ili chenga za alumini zinase humo zisiingie ndani ya injini. Akatoboa polepole, akaitoa keekee mara kwa mara, akaipangusa, akatia grisi nyingine. Alipochukua tapu alinipa kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akaniambia nikishike ubavuni ili aone kama tapu imesimama wima kila upande. Tapu ikianza kombo, tundu litakuwa kombo, na kichwa cha bolti kitakalia upande mmoja. Hapo washa haitaziba kamwe. Akatia tone la mafuta ya taa, akazungusha nusu mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma ili kukata chenga, mbele tena, nyuma tena. Hakukuwa na mahali popote alipolazimisha.

Baada ya hapo akamimina vikombe viwili vya oili ya bei nafuu kutoka juu, huku tundu la chini li wazi, ikaoshe mumo kwa mumo. Ilitoka na vipande vidogo vinavyong'aa. Nikamwuliza kama nilete sumaku niliyo nayo nyumbani, tuvinase. Akacheka. Alumini haishikwi na sumaku, nami niliyewahi kufundisha somo hilo nilinyamaza. Akaosha mara ya pili mpaka oili ikatoka safi.

Kisha akaingiza waya kwa kifimbo chake. Waya una kijimkia mwishoni ambacho kifimbo hukishika. Aliuzungusha mpaka ukazama chini ya uso wa tundu kwa nusu ya mzunguko hivi. Ukibaki umechomoza, washa haitakaa sawa. Sasa kile kijimkia sharti kikatwe, maana bolti haiwezi kupita. Katika tundu lenye sakafu hukigongwa kwa kijiti cha chuma, kikakatika na kuokotwa. Katika tundu la oili ukikigonga kitaangukia ndani ya injini, karibu na meno ya gia, na chuma cha namna ile sumaku hukishika kwa shida au haikishiki kabisa. Fundi alitumia koleo la mdomo mrefu: akakishika kwanza, akakipinda juu na chini mpaka kikakatika, akakitoa na kuniwekea kiganjani. "Kihesabu," akasema. "Kimoja kimeingia, kimoja kimetoka."

Washa mpya, bolti ya zamani iliyopigwa brashi, kisha akanipa spana mimi mwenyewe. Niliogopa. Hapo akaleta mizani ya kuning'iniza, ile yenye springi na ndoano ambayo sisi wakulima tunapimia mazao, akaiweka ndoano kwenye mkia wa spana.

Nawaomba mkisome kipande hiki mara mbili, maana ni cha faida kwa kila mwenye mashine. Kitabu cha pikipiki huandika nguvu ya kukaza kila bolti kwa nyutoni-mita. Chombo cha kupimia nguvu hiyo ni ghali, lakini mizani yako yaweza kufanya kazi hiyo. Pima urefu kutoka katikati ya bolti mpaka mahali ndoano iliposhika. Tuseme ni sentimeta 20, yaani mita 0.2. Gawa nyutoni-mita za kitabu kwa 0.2, kisha gawa kwa 10, utapata kilo za kuvuta. Bolti ya kawaida ya milimita 6 yataka nyutoni-mita 10: ni kilo 5 tu. Bolti ya milimita 8 yataka kama 22: ni kilo 11. Bolti ya oili ya milimita 12, katika vitabu vingi vya pikipiki ndogo nilivyovisoma, ni kati ya 24 na 30, yaani kilo 12 mpaka 15. Kitabu chako kikisema vingine, fuata kitabu. Vuta taratibu, mizani ikiwa imenyooka pembe mraba na spana. Ukivuta kimshazari hesabu haitakuwa ya kweli.

Nilipovuta mpaka kilo 13, nilishangaa jinsi ilivyo kidogo. Ningekuwa peke yangu ningeendelea. Tukatia oili, tukawasha injini kwa dakika tano, tukapapasa kwa kidole kikavu. Hapakuwa na tone. Kesho yake asubuhi, kabla ya kupakia maziwa, nikapapasa tena.

Neno juu ya dawa za njiani. Bolti ya kifuniko ikiliwa hesi ukiwa mbali na mji, ukanda mwembamba wa kopo la soda uliokatwa kwa mkasi na kuingizwa tunduni pamoja na bolti utaishikilia mpaka ufike nyumbani. Gundi ya chuma ya kuchanganya yaweza kukaa kwa muda mahali pasipo na joto wala mzigo. Lakini kwa tundu la oili, bolti za breki, na mahali injini ilipofungwa kwenye fremu, usitumie yoyote ya hizo. Isukume pikipiki, au ipakie kwenye gari.

Na oili imwageni ikiwa ya uvuguvugu, si injini inapochoma. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na bolti au plagi inayong'olewa katika injini ya moto huweza kuondoka na hesi zake. Wakati wa kurudisha bolti, iingizeni kwa vidole peke yake kwa mizunguko minne au mitano kabla ya kugusa spana. Ikikataa vidole, itoeni, pangusa, anza upya. Fundi yule huizungusha kwanza kinyumenyume mpaka asikie kijimlio kidogo ambapo mwanzo wa hesi umeangukia mahali pake, ndipo azungushe mbele. Tangu nilipoliona hilo nimelifanya hata kwenye mifuniko ya chupa.

Seti ya waya si chombo ambacho kila mkulima ahitaji kuwa nacho. Katika kikundi chetu cha maziwa tulichanga tukanunua mbili, ya milimita 6 na ya milimita 12, nazo hukaa kwa mweka hazina ndani ya sanduku lenye kufuli. Anayezitumia hulipia waya aliotumia, basi. Tangu hapo zimetengeneza pikipiki tano, pampu moja ya maji, na injini ya mashine ya kukatia majani ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

Bolti yangu mimi imefunguliwa na kufungwa mara sita toka siku ile, kila mara na washa mpya, kwa kilo 13 za mizani. Na lile bomba la maji nimelirudisha kwenye mfereji wa ndama, nilikolitoa.